Zamu ya Maji

Zamu yetu kiangazi ilikuwa saa tisa ya usiku
hadi saa kumi na moja. Ndivyo kamati ya mfongo ilivyoandika,
na Machame nzima ilijua daftari lile halina utani.
Mama alibeba jembe, mimi kurunzi,
miguu peku, maana kandambili hunyonywa na matope.

Maji yalishuka kutoka mlimani yakiwa bado na baridi ya huko,
yakaingia kwenye kahawa, kwenye magimbi,
yakazunguka migomba shina kwa shina
kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango.

Kisha mama alifungua pindo la kanga,
akatoa saa ya marehemu baba, isiyo na mkanda,
akaimulika.
Akapanda hadi penye kizuizi.
Akang'oa jiwe, akahamisha kipande cha mgomba,
akaziba kwetu kwa udongo na majani,
akafungulia kwa Nkya.

Nkya alikuwa amelala. Tulimsikia akikoroma.
Nkya huyu huyu aliyehamisha masale ya mpaka
hatua mbili na nusu kuja kwetu,
mwaka ule, matanga ya baba hayajaanuliwa.
Mama ndiye aliyempelekea jani la sale kuomba amani,
ingawa mkosaji hakuwa yeye.
Mbuzi wa Nkya akalila.

"Mama, amelala. Nusu saa tu. Nani atajua?"
Alikandamiza tope kwa kisigino.
"Saa imefika."

Usiku mwingine nilipomchokoza zaidi, alisema:
"Amri haikusema nimpende akiwa macho."

Mimi nilitaka imani yenye kishindo.
Niliteremka Moshi mjini, nikasimama mikutanoni
hadi vipaza sauti vikanifanya kiziwi,
nikafunga siku saba, nikamwahidi Mungu
kwamba akinituma hata Sudani nitakwenda kwa miguu.
Siku ya nane nilimtukana dobi
kwa ajili ya kifungo cha shati.
Mpaka leo Mungu hajaniuliza habari za Sudani.
Habari za kifungo ameniuliza mara nyingi.

Mama hakuwa na ushuhuda wa kusimulia usharikani.
Walipomsukuma asimame, alishika benchi la mbele, akasema,
"Nashukuru, niliamka,"
akaketi. Watu walisubiri. Ndiyo ilikuwa imekwisha.

Nkya alifariki kiangazi cha juzi.
Hakuwahi kusema asante, wala masale hakuyarudisha.
Wanawe wako Dodoma; shamba likaota magugu,
migomba ikaangukiana kama walevi.
Nikajua sasa, angalau, tutalala.

Saa kumi na moja kasoro nikasikia jembe likigusa ukuta.
"Mama, marehemu hanywi maji."
"Kahawa yake inakunywa."
Na daftari lilikuwa bado na jina lake.

Mwaka huu goti la mama limekataa mteremko.
Ninapanda peke yangu.
Nisikudanganye: siimbi, siombi,
sioni nuru yoyote zaidi ya kurunzi yenye betri chovu.
Jana nilisimama pale nikitazama maji yetu,
nikayatamani kwa dakika tatu nzima,
nikamfikiria Nkya, hatua zake mbili na nusu,
nikapiga mwayo,
nikang'oa jiwe.

Maji yakageuka kushoto bila kuuliza ni ya nani.

Niliporudi, dirisha la mama lilikuwa wazi kidogo.
"Kwetu umeziba vizuri?"
"Nimeziba."
"Na kwake?"
"Yanakwenda."
Kimya. Kisha kitanda kikalia, akigeukia ukutani.
"Haya. Nawa miguu, ulale."